Mtwara hadi Newala kwa baiskeli: pangeni safari kwa mwendo wa yule wa nyuma

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Mtwara. Tuko watu 24: walimu, wauguzi, mafundi na vijana wa bodaboda. Tunataka kuendesha baiskeli mwezi Oktoba kutoka Mtwara Mjini, tupite Mnazi Mmoja na Masasi hadi Newala, kwa siku mbili, tuchangishe fedha za matanki ya kuvunia maji ya mvua kwa shule mbili za msingi. Baiskeli nyingi ni Phoenix za kawaida, chache zina gia. Siku mbili zinatosha? Tubebe nini? Na fedha tuzisimamieje ili watu wasije wakatunung'unikia?

Jibu: Mwalimu, njia mmeichagua vizuri. Cha kubadilisha ni mwezi na idadi ya siku. Hesabu ya siku inatokana na jambo moja: kikundi hakiendi kwa mwendo wa anayeongoza, kinaenda kwa mwendo wa yule wa nyuma kabisa. Mkikubaliana na hilo kwenye kikao cha kwanza, maji, chakula, magari na bajeti vitajipanga vyenyewe.

Njia nzima ni kama km 260. Mtwara hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, ni zaidi kidogo ya km 80. Kutoka hapo hadi Masasi ni kama km 120, na Masasi hadi Newala kama km 60. Phoenix isiyo na gia, ikiwa na mtu mzima na chupa mbili za maji, hutembea km 12 hadi 14 kwa saa kwenye lami tambarare. Ila pancha moja huwasimamisha wengi, na kila kituo kilichopangwa kuwa cha dakika 10 huwa cha 20. Pigeni hesabu ya km 10 kwa saa, mapumziko yakiwa ndani yake. Mwisho wa Juni jua la kwetu huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi na huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Toeni saa mbili na nusu za mwisho ziwe akiba ya dharura, mnabaki na saa tisa, yaani km 90 kwa siku na si zaidi. Kwa siku mbili mngehitaji km 130 kila siku, ambazo hazipatikani bila kuendesha gizani. Usiku kwenye barabara ile msiendeshe hata km moja.

Kwa hiyo nendeni siku nne. Siku ya kwanza Mtwara hadi Mnazi Mmoja. Ya pili Mnazi Mmoja, Mtama hadi Nyangao, kama km 50. Ya tatu Nyangao, Nanganga, Ndanda hadi Masasi, karibu km 70. Ya nne Masasi hadi Newala. Siku ya pili imefanywa fupi makusudi, kwa sababu mwili usiozoea huuma zaidi asubuhi baada ya siku ndefu ya kwanza, na makalio ndiyo hulalamika kuliko miguu. Kabla ya yote, mtu mmoja apite njia nzima kwa gari au pikipiki, aandike kilomita za kila kituo, kisima, daraja lenye matengenezo na mahali pa kuegesha gari nje ya lami. Orodha hiyo mtaitumia kuliko ramani yoyote.

Kuhusu mwezi, Oktoba iacheni. Joto limeshapanda, korosho zinavunwa, na Fuso za kubeba magunia zinajaa barabarani kuelekea maghala ya mnada. Wiki mbili za mwisho za Juni zinafaa zaidi. Mvua zimekwisha, shule zimefungwa, hivyo walimu mna nafasi na madarasa ya kulala yapo wazi, na kusi, upepo utokao kusini-mashariki, linavuma. Kutoka Mtwara hadi Mnazi Mmoja barabara inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo kusi litawasukuma mgongoni siku ile ndefu kuliko zote. Mtalilipa siku ya nne, maana kutoka Masasi kwenda Newala mnageukia kusini-mashariki na upepo unakuja usoni, tena mkipanda. Ndiyo sababu siku hiyo haina km 90. Kuna kero moja ya Juni: salfa, unga wa dawa ya ukungu. Wakulima huanza kuipulizia mikorosho, na huipulizia alfajiri upepo ukiwa umetulia, saa zile zile mnazoanza safari. Vumbi lake huwasha macho na kubana kifua. Kila mtu awe na miwani na kitambaa cha pua, na mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si garini.

Sasa barabara. Malori ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Songea kwenda bandari ya Mtwara hupita Masasi na Mnazi Mmoja. Yaliyojaa mtakutana nayo uso kwa uso. Matupu yanawatokea nyuma, na matupu ndiyo yenye mwendo. Ongezeni malori ya saruji karibu na kiwanda cha Msijute. Watu 24 kwenye mstari mmoja ni mkia ambao lori haliwezi kuupita kwa mara moja, na dereva akikuta gari mbele yake katikati ya kupita, atarudi kushoto juu yenu. Jigaweni makundi manne ya watu sita. Ndani ya kundi kila mtu amfuate mwenzake kwa nafasi ya mita 3 hadi 5, mmoja nyuma ya mwingine, wasiende wawili wawili wakipiga soga. Kati ya kundi na kundi acheni mita 150 au zaidi, ili lori lipite kundi moja, lirudi upande wake, lijipange tena. Kila kundi liwe na kiongozi anayejua kujizuia na mfunga mkia mwenye filimbi na pampu. Kiongozi asiwe kijana mwenye nguvu kuliko wote. Awe yule mwenye mwendo usiobadilika. Mchovu wa kundi hukaa nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi, ambapo upepo umekatwa na mwendo unaonekana. Mkimweka mwisho atapotea bila mtu kujua.

Ukingo wa lami umeliwa sehemu nyingi na ardhi ya pembeni iko chini. Gurudumu likidondoka nje, kosa la kawaida ni kulivuta lirudi papo hapo kwa kulalia ukingo. Tairi linasugua ukuta wa lami, halipandi, na mwendeshaji anaangukia barabarani mbele ya gari. Fundisheni hivi: kaa kwenye udongo, punguza mwendo, angalia nyuma, kisha panda ukingo kwa kuukata karibu wima, au shuka kabisa.

Magari ya kusindikiza yawe mawili na pikipiki moja. Wengi huliweka gari liwafuate nyuma kwa mwendo wa baiskeli huku limewasha taa. Sikubaliani na utaratibu huo kwenye barabara kuu. Gari la km 12 kwa saa ndilo linalowalazimisha malori kupita mahali pabaya, na likigongwa nyuma linawaangukia ninyi. Afadhali magari yawe yanatangulia km 10, yanaegeshwa nje kabisa ya lami, yanasubiri mpaka mtu wa mwisho apite akihesabiwa kwa jina, ndipo yanatangulia tena. Pikipiki ndiyo inayotembea katikati ya makundi, ikiwa na tyubu, viraka na simu. Kusindikizwa kwa karibu kuwe kwa kupita mijini tu, na pale trafiki watakapoagiza.

Baiskeli zianze kukaguliwa wiki tatu kabla, si usiku wa mwisho. Kwenye Phoenix ugonjwa mkubwa ni kotapini, ile pini inayoushika mkono wa pedali. Fundi akiiweka mpya na kuivuta kwa nati peke yake, haikai. Baada ya km chache mkono unaanza kucheza, pini inalika upande mmoja na hatimaye inakatika. Pini huingizwa kwa nyundo, huku chini ya mkono wa pedali kumewekwa kipande cha bomba au mti mgumu wa kupokea pigo ili gololi zisiumie, ndipo nati inakazwa. Endesha km 10, gonga tena, kaza tena. Pini mbili zielekee pande zinazopingana, la sivyo pedali hazitakaa kwenye mstari mmoja na goti litauma bila mtu kujua sababu.

Kisha magurudumu. Piga spoku kwa kidole: zote za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana, inayotoa sauti ya kulegea ikazwe, iliyokatika ibadilishwe kabla ya kuondoka, kwa maana spoku moja ikikatika jirani zake hubeba mzigo wake na hufuata. Fungueni ekseli zote, safisheni gololi kwa mafuta ya taa, jazeni grisi mpya. Cheni ivute kwa mbele kutoka kwenye meno ya mbele. Ikiachana kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, imechakaa. Cheni mpya kwenye meno yaliyokwisha kuliwa huruka unapopanda mlima, kwa hiyo kagueni vyote viwili pamoja, na friwili, yaani meno ya nyuma, pia. Raba za breki zikiwa ngumu kama kioo badilisheni, kisha hakikisheni zinagusa rimu kwa upana wake wote.

Kimo cha kiti kinasahaulika, nacho ndicho kinachowashusha watu. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukiendesha kwa mbele ya wayo goti litabaki limejikunja kidogo, inavyotakiwa. Kiti cha chini huua magoti kwenye mlima. Cha juu mno humfanya mtu ayumbe na kuchubuka.

Kwa baiskeli 24 chukueni tyubu 12 kulingana na saizi mlizo nazo, tairi 4, viraka 100 na solusheni za kutosha, spoku 30 za urefu uliopimwa kwenye magurudumu yenu, kotapini 12, cheni 3 na viungo vyake, raba za breki seti 10, gololi, grisi, mafuta ya cheni, waya za breki na za gia, pampu kubwa 2 na ndogo moja kwa kila kundi. Vipuri vya Phoenix vinapatikana Mtwara na Masasi, na fundi wa baiskeli hakosekani kwenye vituo vikubwa. Vya baiskeli za gia msivitegemee njiani hata kidogo. Mwenye gia abebe vyake, pamoja na kile kipande kinachoning'iniza gia ya nyuma kwenye fremu, maana baiskeli ikianguka upande wa kulia ndicho hupinda.

Pancha zitakuwepo. Kiraka kikibanduka baada ya nusu saa, mara nyingi fundi ameharakisha: solusheni inapakwa nyembamba, inaachwa dakika 5 mpaka isinate kidoleni, ndipo kiraka kinabandikwa na kukandamizwa. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute mwiba, kwa sababu mwiba uliobaki utatoboa tyubu mpya dakika hiyo hiyo. Tundu mbili zilizo sambamba maana yake upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana tyubu kwenye shimo. Jibu lake ni pampu, si tairi jingine.

Maji: wekeni lita 0.7 kwa saa kwa kila mwendeshaji. Watu 24 kwa saa nane ni lita 134. Wasaidizi, kunawa na akiba vikiongezwa, mnahitaji lita 200 kwa siku, yaani madumu 10 ya lita 20, yajazwe jioni mahali mlipolala. Msinywe maji matupu siku nzima. Jasho hutoka na chumvi, na anayekunywa maji mengi bila chumvi huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, watu wakadhani ana kiu wakamwongezea. Kila baada ya saa mbili mpeni kila mtu kikombe cha ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti moja kwa lita moja, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa.

Chakula kiwe cha wanga na kije kidogo kidogo. Uji na viazi vitamu kabla ya kuondoka, ndizi au ming'oko ya kuchemsha kila saa, wali jioni. Korosho ni nzuri baada ya safari. Ukizila nyingi unapoendesha mafuta yake hukaa tumboni na mlima unakuwa mrefu.

Wauguzi mlio nao ni hazina, wapeni kazi hii kuanzia siku ya usajili: kila mtu apimwe presha, aulizwe pumu, kisukari, ujauzito na selimundu. Mwenye selimundu asiendeshe, kwa kuwa kazi ngumu ya muda mrefu na upungufu wa maji huweza kuamsha maumivu makali. Kuna kazi nyingi za garini. Mtu akiacha kueleweka anapozungumza, akipepesuka, ngozi ikiwa ya moto, huyo si mchovu: kivulini mara moja, mmwagieni maji, mpepeeni, apelekwe hospitali. Mnazo Ligula mnapoanzia, Sokoine mjini Lindi, hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda zikiwa njiani kabisa, Mkomaindo Masasi, na ya wilaya Newala. Andikeni namba zao kwenye kadi ya kila kiongozi wa kundi. Helmeti ni kwa wote, na nyavu za mbu ziende na magodoro.

Mazoezi yachukue wiki nane. Siku mbili za katikati ya wiki saa moja moja, kuelekea upande wa Mikindani na kurudi inatosha, na Jumamosi safari ndefu: km 20, 30, 40, kisha mpunguze hadi 30, halafu 50, 60. Wiki ya saba endesheni km 50 Jumamosi na 40 Jumapili. Hii ndiyo inayoamua. Asiyemaliza siku hizo mbili ahamie kwenye jiko, maji au uhasibu, na atangazwe kama mshiriki kamili. Wiki ya nane pumzikeni, km 20 tu.

Newala iko juu, zaidi ya mita 600, na ukitokea Masasi uwanda wa Makonde unaupanda kwa ghafla. Sehemu hiyo ya barabara imekuwa kwenye ujenzi wa lami: kuna michepuko, kokoto, vumbi, na magari ya maji yanayomwagilia udongo hadi unateleza. Waulizeni TANROADS, wakala wa barabara, hali ilivyo wiki ya safari. Anzeni na mwanga wa kwanza, punguzeni kidogo upepo wa tairi kwenye mchanga na mjaze tena mkirudi kwenye lami, na mtangaze mapema kwamba mlimani kila mtu anaruhusiwa kushuka na kusukuma. Bila tangazo hilo vijana watashindana, na goti la mtu litabaki pale.

Vibali: njia yenu inatoka mkoa wa Mtwara, inaingia Lindi kuanzia kabla ya Mnazi Mmoja, kisha inarudi Mtwara. Barua moja haitoshi. Andikeni kwa Mkuu wa Wilaya mnapoanzia, nakala kwa wakuu wa usalama barabarani wa mikoa yote miwili na wakuu wa polisi wa wilaya mtakazopita. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya mkusanyiko si chini ya saa 48 kabla; ninyi pelekeni mwezi mzima kabla, mkiambatanisha ratiba, orodha ya majina na namba za magari. Barua za kulala zipite kwa watendaji wa vijiji na walimu wakuu.

Kuhusu fedha, manung'uniko huanzia mahali pamoja: michango ya matanki inaponunua mafuta ya gari. Tenganisheni tangu siku ya kwanza. Gharama za safari, yaani mafuta, chakula, vipuri, dawa na fulana, zilipwe na waendeshaji wenyewe kwa kiingilio, au na mfadhili aliyeandika kwamba fedha yake ni ya gharama. Pigeni bajeti kamili, ongezeni sehemu ya kumi kwa dharura, gawanyeni kwa 24, na anayeshindwa asaidiwe na wenzake kimya kimya. Kwa Fuso moja, kwenda na kurudi hadi Mtwara, anzeni na makisio ya lita 100 za dizeli. Michango ya umma iingie kwenye akaunti nyingine yenye jina la kikundi, watia saini watatu na wawili lazima wasaini, na Lipa Namba ya kikundi. Namba ya simu ya mtu binafsi isitumike hata kama mwenyewe ni mwaminifu kuliko wote. Kila jioni ya safari tangazeni kilichoingia.

Msiombe ahadi za kiasi fulani kwa kila kilomita. Huonekana nzuri, lakini humfanya aliyeishiwa nguvu aone aibu kupanda gari, na hapo ndipo watu huumia. Ombeni kiasi kamili: tanki, mita ya mifereji, mfuko wa saruji. Tena andikeni bei za dukani za wiki hiyo, ili mchangiaji aone fedha yake imekuwa nini.

Na tanki lenyewe mlipigie hesabu kabla ya kutangaza lengo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Darasa lenye paa la mita 8 kwa 20 ni mita za mraba 160. Mvua ya milimita 40, ukitoa inayopotea, huleta lita 5,000 hivi. Kwa hiyo tanki dogo litajaa na kumwaga mara nyingi kuanzia Desemba, ilhali shida yenyewe iko Agosti hadi Novemba. Ni bora shule moja ipate matanki mawili ya lita 10,000 yenye mifereji mizima kuliko shule mbili zipate nusu nusu. Lipeni muuzaji na fundi moja kwa moja, msikabidhi fedha taslimu shuleni. Makabidhiano yasainiwe na mwalimu mkuu, kamati ya shule na mtendaji wa kijiji. Mkimaliza safari Juni na kufunga hesabu Julai, msingi wa zege utakuwa umekomaa na mifereji imefungwa kabla ya mvua za kwanza, na hiyo nayo ni sababu ya kutosha ya kuiacha Oktoba.